Mji Uliobomolewa na Kumbukumbu Zilizobaki Mtandaoni: Uchambuzi wa Kisa cha Pine Point

Wengi wanaotaka kusimulia mtaa wa utoto wao kwa njia ya kidijitali huanza na maswali ya ufundi: watumie programu gani, video iwe ya dakika ngapi, muziki uwe upi. Kisa cha Pine Point, mji mdogo wa mgodi uliokuwa kaskazini mwa Kanada, kinaonyesha kwamba maswali hayo yanapaswa kuja nyuma ya mengine mawili yaliyo mazito zaidi, yaani ni nani aliyekusanya na kutunza vitu ambavyo simulizi itavitegemea, na ni nani atakayebaki na vitu hivyo siku ufundi uliotumika utakapopitwa na wakati. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazingira yake hayaachi nafasi ya kujidanganya. Mtu aliyekulia katika mtaa uliobadilika anaweza kurudi, akasimama kwenye kona aliyoizoea, akalinganisha anachokiona na anachokikumbuka. Aliyekulia Pine Point hana nafasi hiyo, kwa kuwa mji wenyewe uliondolewa, na kilichobaki cha kulinganisha nacho ni picha, sauti na maneno ya waliokuwapo.

Pine Point ulikuwa katika eneo la Northwest Territories, upande wa kusini wa ziwa Great Slave, juu kidogo ya latitudo ya 60 kaskazini. Ilijulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwamba ardhi ya huko ina risasi na zinki, lakini uchimbaji wa kibiashara ulisubiri njia ya kuyatoa madini hayo katika eneo la mbali kiasi hicho. Serikali ya Kanada iliunga mkono ujenzi wa reli iliyofika huko katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya Cominco ikaendesha mgodi wa mashimo ya wazi, na mji ukajengwa kwa ajili ya wafanyakazi na familia zao. Katika miaka ya 1970 wakazi walikaribia 2,000. Kwa ukubwa huo mji wote ulikuwa kama mtaa mmoja: watoto walisoma pamoja na walicheza hoki katika uwanja mmoja wa barafu, na wazazi wao karibu wote waliishi kwa kazi ya mgodi, moja kwa moja au kwa kuwahudumia waliofanya kazi huko. Mgodi ulipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mji ulikosa sababu ya kuwapo. Mwaka 1988 ulifungwa rasmi na wakazi wakatawanyika. Baadhi ya majengo yalihamishiwa kwingine, mengine yakabomolewa. Leo anayefika huko anaweza kuona alama za barabara zilizopangwa kwa mistari, lakini haoni nyumba.

Waliokuwa watoto wakati huo walikwenda kuishi sehemu mbalimbali za Kanada, na kwa miaka kadhaa kila mmoja alibaki na albamu yake. Baadaye mmoja wao, akiwa mtu mzima, alifungua tovuti ya kuukumbuka mji na kuanza kukusanya picha na taarifa za wenzake. Haikuwa kazi ya msanii. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeona kwamba asipokusanya yeye, hakuna mwingine atakayekusanya. Miaka ilipita, hadi msanii mmoja aliyewahi kufika Pine Point akiwa na umri wa miaka 9 kucheza mashindano ya hoki alipoutafuta mji huo mtandaoni, akagundua kwamba haupo tena, na akaikuta tovuti hiyo. Yeye, Michael Simons, pamoja na mwenzake Paul Shoebridge, walikuwa wakifikiria kitabu kuhusu kufa kwa albamu ya picha kama mahali pa kuhifadhi kumbukumbu. Wazo hilo liligeuka likawa makala ya hali halisi ya kidijitali, Welcome to Pine Point, iliyotolewa mwaka 2011 na Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada. Ni kazi iliyochanganya maandishi mafupi, picha za familia, vipande vya video za nyumbani, michoro na muziki, na msomaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akibonyeza kusogea mbele, akikaa kwenye ukurasa kwa muda anaoutaka. Ilisifiwa sana na ikapata tuzo za Webby, ambazo hutolewa kwa kazi bora za mtandaoni.

Mpangilio huo wa matukio ndio kiini cha kisa. Kilichotangulia ni ghala, yaani mkusanyiko wa picha na taarifa uliotunzwa, na simulizi ikaja baadaye. Sifa zilikwenda kwa simulizi, na zilistahili kwenda huko, lakini bila mkazi yule kukusanya picha, kuandika majina ya waliomo na kuacha mlango wazi kwa yeyote aliyekuwa na cha kuongeza, wasanii wangefika na kukuta ukurasa mtupu. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu katika mafunzo mengi ya masimulizi ya kidijitali ghala halitajwi. Utaratibu ulioenezwa tangu miaka ya 1990 na waanzilishi wa warsha hizo huko California, ambao ni mzuri na umewapa sauti watu wasiowahi kushika kamera, humwelekeza mshiriki atoe simulizi ya dakika mbili au tatu, kwa sauti yake mwenyewe, juu ya picha chache. Mshiriki hutoka na kitu kilichokamilika mkononi. Picha ambazo hazikutumika hurudi kwenye sanduku, na sehemu ya mazungumzo iliyokatwa hufutwa. Kwa hadithi ya mtu mmoja huenda hasara hiyo ikavumilika, lakini mtaa ni mali ya wengi, na picha iliyoachwa na msimulizi mmoja kwa kuwa haina uzito katika hadithi yake inaweza kuwa ndiyo picha pekee ya mama wa mtu mwingine akiwa kijana.

Ghala na simulizi vina maadili tofauti, na hapa ndipo wengi huvuruga vyote viwili. Ghala zuri hupokea kila kitu, hata picha yenye ukungu na video ambayo mtoto anaonekana kwa sekunde tatu tu, kwa kuwa thamani ya kitu hicho itaamuliwa na atakayekuja kukitafuta. Simulizi nzuri hukataa karibu kila kitu. Wasanii wa Pine Point hawakujaribu kumtaja kila mkazi. Waliwafuata watu wachache, wakawaonyesha wakiwa vijana katika picha za miaka ya 1980, kisha wakaeleza maisha yao ya utu uzima, na msomaji akahisi urefu wa muda kati ya sura hizo mbili bila kuelezwa. Mtu akijaribu kufanya ghala liwe simulizi, atachosha wageni kwa mamia ya picha zilizopangwa chini ya muziki wa huzuni. Akijaribu kufanya simulizi iwe ghala, ataanza kuongeza majina ili jirani fulani asikasirike, na hadithi itapoteza mwelekeo. Ushauri wangu kwa yeyote aliye katika hali kama hii ni kutenganisha kazi hizo tangu mwanzo, hata kama ni mtu mmoja anayezifanya zote, na kuianza ile ya ukusanyaji.

Uamuzi mwingine unaostahili kutazamwa ni ule wa msimulizi kusema waziwazi kwamba yeye ni mgeni. Simons hakukulia Pine Point; alipita tu akiwa mtoto, na kazi inalikiri hilo. Kwa mtazamo wa kawaida huo ungekuwa udhaifu, kwani simulizi ya mtaa wa utoto hutarajiwa kutoka kwa mwenyeji. Naona kinyume chake. Mgeni analazimika kuuliza mambo ambayo mwenyeji huyaruka kwa kudhani yanajulikana: barabara hii ilielekea wapi, je, kelele za mgodi zilisikika usiku, nani aliamua mtoto arudi nyumbani saa ngapi. Mwenyeji anaposimulia peke yake, huandika kwa ajili ya wanaojua tayari, na kizazi cha pili, yaani watoto waliozaliwa baada ya mji kufungwa, hubaki nje. Ushirikiano wa mwenyeji aliyetunza na mgeni aliyeuliza ndio uliozaa kazi hii, na mtu asiye na msanii wa kushirikiana naye anaweza kupata faida hiyohiyo kwa kumketisha mpwa au mtoto wake mbele ya picha na kumruhusu aulize chochote.

Kazi hiyo pia inaibua wazo ambalo limenishughulisha kuliko mengine: kwamba mji ulioondolewa haubadiliki tena, na kwa hiyo kwa waliokulia humo unabaki kama ulivyokuwa, bila kuzeeka. Ni wazo zuri na linafariji. Lakini msimulizi anapaswa kulishika kwa tahadhari. Utafiti wa saikolojia umeonyesha mara kwa mara kwamba watu waliovuka miaka 40 hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, jambo ambalo linaeleza kwa nini mtaa wa wakati huo huonekana ulikuwa na uhai kuliko mitaa yote iliyofuata. Sehemu ya mwangaza tunaoukumbuka ulikuwa wa umri wetu. Aliyeondoka Pine Point akiwa na miaka 8 na aliyeondoka akiwa na miaka 18 waliondoka siku zilezile, lakini wa kwanza anakumbuka uwanja, theluji na sauti za watu wazima nyuma ya mlango, na wa pili anakumbuka mapenzi ya kwanza, kazi ya kwanza na wasiwasi wa baba yake kuhusu mshahara. Baba mwenyewe, kama yuko hai, anakumbuka mkutano ambamo waliambiwa mgodi utafungwa. Mji uliogandishwa kwenye simulizi moja huchagua mmoja wa hao na kuwafuta wengine kimyakimya. Kwa sababu hiyo, ghala la mtaa linapaswa kuandika, kando ya kila kumbukumbu, umri wa mwenye kumbukumbu wakati wa tukio. Ni maelezo mafupi, na yanamwezesha msomaji kupima anachosoma.

Kuna watu ambao hawakai katikati ya picha hii, na kisa hakiwezi kuchambuliwa kwa haki bila kuwataja. Pine Point ulijengwa katika ardhi ambayo Wadene na Wametisi, jamii za wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliitumia kwa uwindaji na utegaji wa wanyama kwa vizazi vingi kabla ya mgodi. Jirani yake ni Fort Resolution, makazi ya zamani ambayo yalikuwapo kabla ya mji wa mgodi na yapo hadi leo. Tawi la reli iliyogharimu fedha nyingi za umma liliishia mgodini, halikufika Fort Resolution. Wanahistoria waliozungumza na wakazi wa Fort Resolution wameonyesha kwamba kumbukumbu zao za miaka hiyo ni tofauti sana: njia za mitego zilizoharibiwa, ajira chache walizopata ikilinganishwa na wageni waliohamia, na makumi ya mashimo yaliyoachwa ardhini baada ya madini kwisha. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa mgodi, mwaka 1988 ni mwaka ambao mahali pake palitoweka. Kwa mtoto wa Fort Resolution, ni mwaka ambao wageni waliondoka, na yeye akabaki na ardhi iliyochimbwa.

Sisemi kwamba kumbukumbu ya mtoto wa mgodi ni ya uongo au kwamba huzuni yake haina haki. Mtoto hachagui mahali ambapo wazazi wake wanapata kazi, na kupoteza nyumba, shule na marafiki kwa mwaka mmoja ni msiba hata kama mji uliopotea ulikuwa na historia nzito. Ninachosema ni kwamba neno “sisi” katika simulizi ya mtaa lina mipaka, na msimulizi mwaminifu huichora mipaka hiyo mahali inapoonekana. Hilo halihitaji hotuba. Ramani inayoonyesha makazi ya jirani kwa jina lake, au picha inayoeleza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya nyumba ya kwanza, humfahamisha msomaji kwamba utoto uleule ulikuwa na upande mwingine, ambao wenyewe wana haki ya kuusimulia. Kosa ambalo wasimulizi wengi hulifanya wakigutuka kuhusu jambo hili ni kukimbilia kuwasemea wale waliokosekana. Hilo huongeza dhuluma ya pili juu ya ya kwanza. Kiti kiachwe wazi, kisemwe kuwa kiko wazi, na mwaliko upelekwe.

Kuhusu ridhaa ya watu waliomo kwenye picha nitasema machache, kwa kuwa kanuni zake zinajulikana ingawa hazifuatwi. Picha iliyotolewa kwa tovuti inayotembelewa na majirani wa zamani ilitolewa kwa hadhira fulani, na inapohamishiwa kwenye kazi itakayotazamwa na dunia nzima, mwenye sura anastahili kuulizwa upya. Katika nchi nyingi aliyepiga picha ndiye mwenye hakimiliki, wala si yule aliyeikuta kwenye sanduku la marehemu shangazi yake. Na mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka 6 katika nyumba ya rafiki hakuwahi kukubali chochote. Mwenye ghala atangaze njia rahisi ya kuomba picha iondolewe, na aiondoe pasipo kudai sababu.

Hatari kubwa zaidi ilitoka upande ambao wakati ule wachache waliuogopa. Kazi ya mwaka 2011 ilijengwa kwa Flash, teknolojia iliyokuwa imeenea kila mahali na ambayo iliwapa wasanii uwezo wa kuchanganya sauti, video na maandishi kwa ulaini ambao kurasa za kawaida hazikuwa nao. Mwaka 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba itaiacha. Tarehe 31 Desemba 2020 msaada wake ulikoma, na mwezi uliofuata maudhui ya Flash yakazuiwa kuchezwa. Katika muda usiofika miaka 10, muundo uliobeba kumbukumbu za mji uliopotea nao ukawa umepotea, na kila kazi ya aina hiyo ikahitaji kujengwa upya au kuendeshwa kwa programu maalumu za kuiga Flash. Taasisi ya taifa yenye wataalamu na bajeti inaweza kulikabili tatizo hilo. Familia au kikundi cha majirani wa zamani hakiwezi. Na kwa upande wa pili, ukurasa rahisi wa HTML, lugha ya msingi ya kurasa za wavuti, ulioandikwa na mtu asiye na mafunzo katika miaka ya 1990, wenye maandishi na picha za JPEG tu, bado unafunguka katika kivinjari cha leo bila marekebisho yoyote. Kile kilichoonekana duni kiufundi kilikuwa imara.

Hata hivyo, uimara wa muundo hautoshi ikiwa mahali pa kuhifadhia panaweza kufungwa na mtu mwingine. Huduma ya GeoCities, ambayo mwanzoni iliwapanga watumiaji wake katika “vitongoji” vya mtandaoni na kuwapa watu wa kawaida mamilioni ya kurasa zao za kwanza, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 na kufungwa mwezi Oktoba mwaka 2009. Sehemu yake iliokolewa na watu waliojitolea kunakili walichoweza kabla ya siku ya mwisho, na kwa juhudi za Internet Archive, maktaba ya kidijitali inayohifadhi nakala za kurasa za wavuti, iliyoanzishwa mwaka 1996. Kilichonakiliwa kipo, kilichokosekana hakirudi. Leo kumbukumbu nyingi za mitaa ya utoto zimewekwa katika kurasa za vikundi kwenye mitandao ya kijamii, ambako picha hushuka chini kila siku mpya inapokuja, maelezo ya thamani hubaki ndani ya majibu ya watu, na mwenye kikundi akifariki au akaunti yake ikifungwa, hakuna nakala. Nawaheshimu sana wanaoendesha vikundi hivyo, kwa maana ndio wanaofanya kazi ambayo mkazi yule wa Pine Point aliifanya, na ndiyo sababu natamani kazi yao isitegemee uamuzi wa kampuni moja.

Utaratibu ninaoupendekeza kutokana na kisa hiki hauhitaji vifaa vya gharama. Picha za karatasi zichanganuliwe kwa msongamano wa nukta 600 kwa inchi zikiwa ndogo, na nyuma ya picha pia pachanganuliwe ikiwa pana mwandiko. Sauti za wazee zirekodiwe kabla ya kazi nyingine yoyote ya kisanii, huku wakitazama picha, kwa kuwa picha huamsha jina ambalo swali peke yake haliamshi. Majina, mahali na mwaka viandikwe katika faili ya maandishi ya kawaida inayokaa pamoja na picha, na pale ambapo watu wawili wanatofautiana kuhusu mwaka au jina, kauli zote mbili ziandikwe pamoja na majina ya waliozitoa. Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, na moja ikae katika mji mwingine. Simulizi yenyewe, iwe video au kurasa zenye sauti, ijengwe baadaye kutoka kwenye nakala, na faili za asili zisiguswe.

Kwa wakazi wa zamani wa Pine Point na majirani zao wa Fort Resolution, haya hayakuwa mambo ya hisia peke yake. Madini hayakwisha yote. Mwaka 2018 kampuni nyingine ya Kanada, Osisko Metals, ilichukua haki za eneo hilo na kuanza tena utafutaji wa zinki na risasi, na kwa hiyo maswali kuhusu barabara zilipita wapi, maji yalikuwaje, wanyama walionekana wapi na mashimo yalichimbwa lini yanaulizwa upya kwa ajili ya maamuzi ya sasa. Picha ya watoto wanaocheza kando ya maji, iliyowekwa mtandaoni kwa ajili ya kukumbushana tu, inaweza kuonyesha hali ya mahali hapo katika mwaka fulani, mradi aliyeiweka aliandika mwaka huo na mahali hapo. Isiyo na maelezo inaweza tu kuonyesha kwamba kulikuwa na watoto.